Karatasi ya Mnada Tusiyoisoma

Muuza mbao wa Nyololo, wilayani Mufindi, leo anaweza kununua gari katika mnada wa Japani bila kutoka kijijini. Simu yake humwonyesha picha, bei na siku ambayo meli itatia nanga Dar es Salaam. Mara nyingi haimwonyeshi jambo la msingi: karatasi ya ukaguzi.

Katika minada ile, kila gari hukaguliwa na kupewa alama kabla ya kuuzwa. Herufi R kwa kawaida humaanisha kwamba gari lilipata ajali, kisha likatengenezwa. Mjapani huisoma, sisi hutumiwa picha zilizong'arishwa. Ukaguzi wa TBS hutazama ubora na usalama wa gari linaloingia nchini. Historia yake ni suala jingine.

Napendekeza serikali imlazimishe kila wakala kumkabidhi mnunuzi karatasi hiyo, pamoja na tafsiri ya Kiswahili, kabla hajapokea hata senti moja. Muuza mbao wetu humwacha mteja ageuze kila ubao ndipo alipe. Haki hiyohiyo naye anastahili.