Tuhesabu Ndege, Tusihesabiwe Maiti

Majina ya wanaojitolea kwenda mtoni kuhesabu ndege na wanyama yamekwisha bandikwa ubaoni, na jambo hilo naliunga mkono mia kwa mia. Vilabu vya wanyamapori humu nchini vilianzishwa na wanafunzi wenyewe mwaka 1968, na kila Januari watu wa kujitolea huhesabu ndege wa majini katika maziwa yetu. Kwa nini Kola tubaki nyuma? Lakini nina neno, na si dogo.

Wengi wetu tukisikia hatari ya mtoni twawaza mamba tu. Ati kwa kuwa hapa kwetu hatuoni mamba, basi hakuna taabu! Naam, mamba na viboko wako mto Athi, na anayefika huko asisimame kati ya kiboko na maji, hasa alfajiri anaporudi kutoka malishoni. Mito yetu sisi ni ya mchanga. Miezi mingi waivuka bila kulowa viatu, na hapo ndipo mtego ulipo. Mvua hunyesha huko milimani, wewe umesimama kwenye jua kali, mara maji mekundu hayo yanakuja na magogo. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilizama katika mto Enziu, kule Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Basi zima, jamani! Sembuse mwanafunzi mwenye daftari na kalamu?

Kuna pia mashimo ya wachota mchanga. Kingo zimechimbwa chini hadi zinaning'inia kama paa la kibanda. Naye mdiria hutoboa kiota chake katika kingo za namna hiyo, kwa hiyo mtu huvutwa asogee achungulie. Asisogee. Na vidimbwi vyenye konokono visikanyagwe miguu mitupu, kwani kijidudu cha kichocho hupenya ngozi. Si lazima uyanywe maji.

Wako wanaonicheka kwamba hizi zote ni hadithi za mwoga. Nawajibu hivi: hesabu ya ndege ya mwaka mmoja haina maana kubwa. Faida yake huonekana ikilinganishwa na ya mwaka wa pili, wa tatu, wa kumi, pahali pale pale. Sasa nani atahesabu mwaka ujao kama wa mwaka huu amechukuliwa na maji?

Isitoshe, kuna ile tamaa ya kujaza fomu yote. Mtu hufika pahali pabaya, akaona haya kuacha nafasi wazi, akajitosa. Au akaandika sufuri, jambo ambalo ni uongo, maana sufuri yasema ndege hawakuwapo. Aandike tu "hapakuhesabiwa", aende zake. Mwalimu asimkemee kwa hilo, tafadhali.

Ombi langu kwa mwalimu mlezi ni kwamba kabla ya Januari, tuipite njia yote mara moja pamoja na wazee wa vijiji vya kando ya mto. Wao wanajua maji hufika wapi na ukingo upi ulianguka. Pale watakapotukataza, tupaache. Na asiende mtu peke yake, hata awe nahodha wa kandanda.