Dhima kwa Jicho Lililokwisha Kupasuliwa

Maradhi ya vikope, ambayo matabibu huyaita trakoma, yamekaa katika nchi ya Wagogo muda mrefu hata watu wengi wa Kibakwe, Mpwapwa na Kongwa wakayahesabu kuwa sehemu ya uzee. Uzee hauna hatia katika jambo hili. Chanzo ni vijidudu vinavyochukuliwa na nzi, mikono na nguo kutoka uso wa mtoto mmoja hadi wa mwingine, vikampata na mama anayewapakata, hata baada ya miaka mingi ya kuvimba na kupoa upande wa ndani wa ukope ukajaa makovu, makovu yakauvuta ukope uingie ndani, na nywele zake zikawa zinasaga kioo cha jicho kila apepesapo. Hapo dawa ni kupasua: mgonjwa hudungwa sindano ya ganzi, ukope ukakatwa, ukingo wake ukageuzwa utazame nje, kisha ukashonwa. Kazi hiyo aghalabu hufanywa bila malipo katika kambi za macho, nayo imewanusuru watu wengi na upofu.

Nia yangu leo ni kuwasemea wale ambao kwao kazi hiyo haikutengenea. Mtazame kwa karibu mama aliyepasuliwa mwaka uliopita: kanga ameivuta mbele kukinga jua, chozi linamchuruzika upande mmoja, na shingoni, katika ugwe, kinaning'inia kibano cha chuma alichodhani hatakihitaji tena. Tafiti zilizofanywa Tanzania na Ethiopia zimeonyesha kwamba baada ya mwaka mmoja au zaidi nywele hurudi kusaga jicho katika kope nyingi zilizopasuliwa, tangu moja katika kumi hadi zaidi ya tano katika kumi, kwa kadiri ya ukubwa wa kovu na ustadi wa mkono. Wengine ukope hubaki na pengo au mkunjo. Wengine umegeuzwa kupita kiasi, jicho halifumbi hata usingizini. Na wengine huota kinyama penye kidonda.

Mengi ya haya yanatengenezeka, maadamu yaonekane mapema. Mshono uliolegea au uliokaza mno hurekebishwa papo hapo kabla mgonjwa hajashuka kitandani, au katika siku chache za mwanzo. Kinyama hukatwa shinani, na ni kazi ndogo. Nywele mbili tatu zilizorudi pembeni, zisizogusa kioo cha jicho, zaweza kung'olewa kwa kibano safi na mtu aliyefundishwa, kila baada ya wiki chache. Nywele zikiwa nyingi, shuruti ukope upasuliwe tena baada ya kidonda kupona barabara, na hapa ndipo penye hatari, kwa kuwa kisu sasa kinakata kovu juu ya kovu. Kazi hiyo haifai kuachiwa mkono uleule ulioshindwa mara ya kwanza, bali mgonjwa apelekwe kwa bingwa, Mvumi, Dodoma mjini, au hospitali ya KCMC kule Moshi. Jicho lisilofumba huhitaji marhamu ya kulilinda lisikauke, na pengine kiraka cha ngozi. Na mgonjwa aambiwe kweli: ukope ukitengenezwa maumivu hupungua, lakini ukungu uliokwisha kuingia katika kioo cha jicho hauondolewi kwa kupasua ukope.

Katika mji wa Seoul, ambako wengi hupasuliwa kope kwa ajili ya urembo, asiyeridhika na mkunjo wake husubiri miezi kadhaa kovu lilainike, kisha hurudi kudai atengenezewe, na hakuna anayemwona mkosefu wa adabu, kwa kuwa alilipa. Mama wa Kibakwe hakulipa, kwa hiyo hudhani alichopewa ni hisani, na hisani hairudishwi kwa aliyeitoa. Dhana hiyo ni dhuluma. Aliyetia kisu katika jicho la mtu amejitwika dhima ya jicho hilo, pawe na fedha au pasiwe na fedha. Na mtu akisema ukope wake umekaa vibaya usoni, hilo nalo ni dai la haki, kwani uso ni staha ya mtu hata akiwa mkulima wa karanga.

Liko jambo lingine linalonitia hofu. Oman ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imeyashinda maradhi ya vikope, Malawi nayo mwaka 2022, nasi twatamani siku hiyo. Lakini kipimo cha Shirika la Afya Duniani, wagonjwa wa kope zilizogeuka wasiofika 2 katika kila watu wazima 1,000, huwahesabu wale tu wasiojulikana na idara ya afya. Aliyepasuliwa na kope zikamrudia anajulikana tayari, naye hatiwi katika hesabu hiyo. Nchi yaweza kutangazwa salama naye bado anang'oa nywele kwa kibano.

Basi wilaya ya Mpwapwa na wafadhili wa kambi wafanye yanayowezekana hima. Mgonjwa apewe dozi ya azithromaisini baada ya kupasuliwa, ambayo jaribio la Ethiopia lilionyesha kuwa hupunguza marejeo kwa thuluthi moja hivi. Atazamwe siku ya pili, kisha wiki ya kwanza au ya pili, kisha kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kama miongozo inavyotaka, na kambi isipewe fedha za kupasua ila iwe imetengewa na fedha za kurudi. Mhudumu wa afya wa kijiji akabidhiwe orodha ya waliopasuliwa awapitie nyumba kwa nyumba, na atakayehitaji bingwa alipiwe nauli ya kwenda na kurudi, yeye na wa kumshika mkono.