Makombe ya konokono yabaki makumbushoni

Mwandishi wa makala ya wiki iliyopita anashauri makombe ya konokono yaliyo makumbushoni yapigwe picha, kisha droo zitumike kwa kazi nyingine. Namkatalia kabisa. Konokono wa jenasi ya Gulella, wala nyama wa misitu ya Usambara na Uluguru, wengi wao hawafiki sentimita moja. Spishi zao hutambuliwa kwa meno yaliyo mdomoni mwa kombe, na mengine yamejificha ndani. Sharti uligeuzegeuze kombe chini ya hadubini. Picha haigeuki.

Halafu kuna lebo: mahali, mwinuko, tarehe, mkusanyaji. Konokono hasafiri mbali, kwa hiyo kombe la spishi ya msituni lililookotwa mahali fulani ni ushahidi kwamba msitu ulikuwepo pale, hata kama leo pamepandwa chai. Tena jina la spishi hushikiliwa na sampuli aliyoitumia aliyeieleza kwanza. Ikitupwa, wataalamu watabishana bila mwamuzi.

Ni kweli, lebo kadhaa za zamani zinasema "Usambara" tu, na Usambara ni Mashariki na Magharibi. Basi zisakwe barua na daftari za wakusanyaji, na vijana wa Lushoto na Muheza walipwe kukusanya upya kwa vipimo kamili. Fedha za kazi hiyo ndizo tuzidai.