Fedha Si Pesa Tu

Mwanafunzi wa hapa Murera ukimwuliza "fedha" ni nini, atakujibu: pesa. Hakukosea, ila amebakiwa na nusu ya neno. Fedha ni madini kwanza; sarafu ilifuata. Masonara wa pwani waliyeyusha riale za Maria Theresa wakafua mikufu, vikuku na furungu, kama Wanavaho wa Marekani walivyozigeuza sarafu kuwa mapambo katika karne ya 19. Huku bara, muturi wa Kikuyu alifua chuma. Naamini kwamba karakana ikifungwa, msamiati wake hubaki kamusini bila uhai. Basi, walimu wenzangu, tumpeleke mwanafunzi kwa fundi: akishike kikuku kwanza, fasili aiandike baadaye.