Fundi, kabla hujapiga Windows naomba dakika moja

Nimepotea kidogo, mtanisamehe, nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha na niliporudi chuoni nikakuta testi zimepangwa kama mabasi ya stendi. Leo sikupanga kuandika, ila nina jambo limenikaa kooni wiki ya pili sasa na nisipolisema nitaota.

Kuna dada mmoja tunasoma naye, nimwite S. Mwezi uliopita laptopu yake ilianza visa. Mara inaganda, mara inaleta kioo cha bluu chenye maandishi, mara inawaka vizuri siku nzima kama haijawahi kuumwa. Akaipeleka kwa fundi nje ya geti. Fundi akaitazama kama dakika tatu hivi, akasema, "Sista, hii Windows imekufa, njoo jioni." Jioni akaenda, akalipa elfu kumi na tano, akapewa laptopu inang'aa, ina picha mpya mbele, na ndani yake hamna kitu. Sura ya nne ya utafiti wake hamna. Madodoso 62 aliyokuwa amekwisha kuyaingiza moja moja hamna. Picha za harusi ya kaka yake nazo hamna. Alipouliza, akajibiwa, "Sasa sista, hukusema kama kuna vitu."

Subirini, bado. Siku ya tatu kioo cha bluu kikarudi.

Ndipo akaja kugonga chumbani kwetu. Mimi si fundi, nasomea ualimu, lakini kwa kuwa chumba kizima kinajua nina bisibisi ndogo basi wananiita injinia. Tukaizima, tukachomoa chaja na betri, tukafungua kava la chini, nikachomoa RAM, nikasugua yale meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya kawaida ya kufutia penseli, nikapangusa vumbi, nikairudisha mpaka ikalia "ka". Ikawaka. Mpaka leo ninapoandika haijaleta bluu tena. Maana yake Windows yake haikuwa imekufa. Ilikuwa RAM imelegea na kuota uchafu, basi. Vitu vyake vyote vilifutwa kutibu ugonjwa ambao hakuwa nao.

Tulijaribu kurudisha faili kwa programu ya uokoaji. Picha kadhaa zilipatikana, PDF nyingine zikapatikana bila majina, sura ya nne haikupatikana. Alikuwa ameshaitumia laptopu siku tatu, ameshusha mafaili na masinema, na kila kipya unachoandika kinaweza kukalia mahali pa kile kilichofutwa. Kwa hiyo somo la kwanza hilo, ukifuta kitu kwa bahati mbaya zima mashine papo hapo, usiendelee kuitumia hata kusikiliza muziki. Na kama ndani kuna SSD badala ya diski ya kuzunguka, usijipe moyo sana, maana hizo zenyewe zina kawaida ya kufagia sehemu zilizofutwa.

Madodoso ya karatasi yalikuwa bado kwenye boksi chini ya kitanda, Mungu anampenda. Amerudia kuyaingiza siku kumi na moja, huku wenzake wanapeleka rasimu kwa wasimamizi.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi mafundi wote ni wabaya. Wapo wanaounga mazabodi kwa mkono mmoja na simu begani, hao nawavulia kofia. Ninachokataa ni hii tabia ya kila ugonjwa dawa yake ni kupiga Windows. Kompyuta nzito, piga Windows. Haina sauti, piga Windows. Ni kama zahanati inayompasua kila anayekuja na mafua. Na sisi wateja tunachangia, maana tunakabidhi mashine kwa mikono miwili na kuondoka bila kuuliza hata unataka kuifanya nini. Mtu anayepeleka kitenge kwa fundi cherehani anakaa pale anaelekeza mpaka kifungo, lakini maisha yake yote ya chuo anayaacha kaunta kwa mtu asiyejua hata jina lake.

Fundi akisema anataka kupiga Windows, mwambie, "Kaka, naomba kwanza utoe vitu vyangu uviweke kwenye diski ya nje nikiviona." Inawezekana hata kama Windows haiwaki kabisa. Ataiwasha kwa flashi yenye Linux atakopi, au atachomoa diski aichomeke kwenye mashine nyingine. Akikwambia haiwezekani bila hata kujaribu, chukua laptopu yako, salimia, ondoka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wote tumesoma kozi ya kompyuta mwaka wa kwanza. Mimi nina A! Nilikariri vizazi vya kompyuta toka vya kwanza mpaka vya mwisho, nikachora mchoro wa CPU na mishale yake. Nusu ya darasa tulitoka pale tukiita lile boksi zima CPU na kioo ndiyo tunakiita kompyuta, kwi kwi kwi. CPU ni kidude kidogo cha kukaa kiganjani, kimejificha ndani chini ya feni. Hakuna siku hata moja tuliyofungua kava. Desa lilikuwa zuri, mtihani ukawa mwepesi, tukasahau wiki iliyofuata.

Matokeo yake nikayaona shuleni nilikopangiwa mazoezi. Kuna chumba cha kompyuta, kina kufuli kubwa kuliko la stoo ya chakula. Ndani kuna mashine 20 za msaada, na nikaambiwa 13 ni mbovu. Nikamwomba mkuu wa shule, "Mkuu, naomba nizitazame Jumamosi, sitaharibu kitu." Akasita, akanipa funguo. Nne ubovu wake ulikuwa waya wa kioo umelegea tu, ule wa bluu wenye vijino, haukukazwa skrubu zake. Mbili waya ulichomekwa tundu silo. Zilikuwa na kadi ya picha imepachikwa chini, na mtu akachomeka kwenye tundu la mazabodi la juu, kwa hiyo kioo kikawa cheusi miaka. Tatu zilikuwa zinalia "pii pii" bila kuwaka, RAM tena, raba tena, mbili zikapona. Nane kati ya kumi na tatu zilirudi kwa bisibisi na raba! Watoto wa pale walikuwa wanajifunza kompyuta kwa kuchora kibodi kwenye daftari. Na si kosa la mwalimu wao, naye alifundishwa kama sisi.

Haya, kwa kuwa maswali yananifuata mpaka kantini, nijibu yale ninayoulizwa kila siku.

Linaloongoza ni hili: "Laptopu yangu ina nafasi ya GB 500 lakini ni nzito, kwa nini?" Kwa sababu nafasi na wepesi ni mambo mawili. Diski ni kabati, RAM ni meza ya kusomea. Ukiwa na kabati la ukuta mzima lakini meza yako inatosha kitabu kimoja, utakuwa unanyanyuka kila dakika kubadilisha kitabu. Kabla hujanunua chochote bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itakuja Task Manager. Fungua vitu unavyotumia kila siku halafu tazama. Kama memori iko juu ya asilimia 90, ongeza RAM. Kama memori ina nafasi lakini diski inagonga 100 muda wote, tatizo ni diski ya kuzunguka, weka SSD. Diski ya kawaida inasoma kama MB 100 kwa sekunde au zaidi kidogo, SSD ya kawaida ya SATA inakaribia 500, na kwenye kuokota vipande vidogo vidogo tofauti ni kubwa kuliko hapo. Nimeona laptopu ya miaka kumi ikifufuka hivyo. Ila ukienda kununua RAM, ichomoe ya zamani uende nayo, maana DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, na ya laptopu ni fupi kuliko ya kompyuta ya mezani. Kuna laptopu nyembamba ambazo RAM imeunganishwa moja kwa moja kwenye mazabodi, hapo huongezi kitu.

"Inazima yenyewe." Wapi unaiweka? Kitandani. Basi godoro limeziba matundu ya hewa ya chini. Prosesa ikipata joto kwanza inapunguza mwendo yenyewe, ndiyo unaona inakuwa nzito, joto likizidi inazima isiungue. Iweke juu ya kitu kigumu, hata trei ya kubebea chai. Ukifungua kusafisha, tumia brashi laini ya rangi, na ukipuliza upepo izuie feni kwa kidole isizunguke ovyo.

"Intaneti inagoma, kila tovuti inasema si salama." Kabla hujalaumu chuo, tazama saa ya kompyuta. Ikiwa tarehe imerudi nyuma miaka, tovuti zitakataa kwa sababu vyeti vyake vya usalama vina tarehe ya kuanza na kuisha. Rekebisha saa. Kama kila ukiizima saa inarudi tena, kuna betri ndogo ya duara kwenye mazabodi, kwa kompyuta za mezani karibu zote ni CR2032 ya volti 3, bei yake haizidi sahani ya chipsi mayai.

"Nimenunua flashi ya GB 32 inaonyesha 29.8, nimeibiwa?" Hapana. Kiwanda kinahesabu kwa elfu elfu, Windows inahesabu kwa 1024. Aliyeibiwa ni yule aliyenunua flashi ya TB 2 barabarani kwa bei ya soda na andazi. Hiyo inadanganya ukubwa wake, utakopi sinema zote, siku ya kufungua hazifunguki.

Halafu flashi iliyogeuka yote kuwa shotikati. Hapa naungama, mwaka wa kwanza niliifomati yangu kwa hasira na madesa ya muhula mzima yakaenda. Kumbe yalikuwemo. Kirusi kile kinaficha tu faili zako na kuweka shotikati badala yake. Bonyeza flashi kwa kulia utazame nafasi iliyotumika, kama bado imejaa, vitu vipo. Usizibonyeze hizo shotikati, ndiyo unamwamsha. Fungua ile programu nyeusi ya kuandika amri, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E badala yake weka herufi ya flashi yako), subiri, faili zitatokea. Zikopi, ndipo ufomati flashi, na kompyuta uliyoichomeka nayo uikague.

Umeme. Ukikatika, chomoa. Hatari kubwa ni pale unaporudi kwa kishindo, unapanda na kushuka kabla haujatulia. Wenye kompyuta za mezani, UPS haikuwekwa umalizie sinema, imewekwa uhifadhi kazi uzime taratibu. Na usichomeke printa ya leza kwenye UPS, inavuta umeme mwingi kwa mpigo.

La Windows 10 nalijibu kwa kifupi maana limeleta hofu vyumbani. Msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Haimaanishi laptopu itazima, inamaanisha viraka vya usalama vya bure vya kila mwezi havikuhakikishiwa tena baada ya hapo. Windows 11 inataka TPM 2.0, RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64, na prosesa nyingi za mitumba yetu haimo kwenye orodha yake. Kama yako haikubali, usikimbilie kuuza kwa bei ya kutupa, ijaribu Linux kwa flashi bila kufuta chochote uone kama utaizoea. Kuchapa ripoti na kusoma PDF inafanya bila shida.

Na kazi yako ya utafiti, tafadhali, isikae mahali pamoja. Jitumie kwenye barua pepe kila Ijumaa, weka na kwenye flashi ambayo haikai begi moja na laptopu. S. sasa anajitumia kila usiku, na ananitumia na mimi nakala. Nina sura ya nne matoleo kumi na saba kwenye sanduku langu, sijafungua hata moja.

Amepeleka rasimu juzi Jumanne. Msimamizi amemrudishia sura ya pili imejaa kalamu nyekundu, lakini ya nne amesema iko sawa. Niishie hapa, kuna mtu anagonga mlango na "CPU" begani, anasema inalia pii pii, na raba yangu sijui nani kaichukua.