Kiwanja: kisha kutibiwa kansere ya ovari, kila miezi mitatu ni safari

Kwa mwanamke wa Kiwanja aliyetibiwa kansere ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi, chupa ya mwisho ya shimioterapi haimalizi kazi. Munganga anamuandikia randevu: kila miezi mitatu au minne kwa miaka miwili ya kwanza, kisha kila miezi mitatu mpaka sita hadi mwaka wa tano, halafu mara moja kwa mwaka. Ndiyo desturi ya wanganga wa kansere karibu dunia nzima. Ukipiga hesabu, ni safari kati ya 12 na 20 kwa miaka mitano.

Wanganga hawaandiki hivyo bure. Mara nyingi ugonjwa huu hugunduliwa ukiwa umeenea tayari ndani ya tumbo. Kwa wagonjwa wengi wa namna hiyo unarudi, hasa ndani ya miaka miwili au mitatu ya kwanza. Mwaka 2022, shirika la utafiti wa kansere la Umoja wa Mataifa lilihesabu wagonjwa wapya zaidi ya 320,000 duniani, na vifo zaidi ya 200,000.

Lakini randevu imeandikwa kwa mtu mwenye barabara. Kiwanja na Rutshuru ziko mikononi mwa waasi wa M23 tangu Oktoba 2022. Goma, iliyo kilomita zaidi ya 70 kusini, ilifuata Januari 2025. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango. Mgonjwa ambaye dosie yake iko Kinshasa hawezi tena kupanda ndege Goma. Analazimika kupitia inchi jirani. Tarehe 30 Oktoba 2025, Rais Emmanuel Macron alitangaza mjini Paris kwamba uwanja huo utafunguliwa kwa ndege za misaada. Mama mwenye kulipa tiketi yake hakuwemo katika tangazo hilo.

Wengine wanatazama mashariki. Taasisi ya Kansere ya Uganda, pale Mulago mjini Kampala, inafanya kazi tangu 1967, na njia yake inapita Bunagana. Kituo cha kansere cha Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kilichofunguliwa 2012, kwenye ramani ni karibu kuliko Goma inavyodhaniwa. Ila ramani haionyeshi mupaka, karatasi, wala bei ya kulala ugenini.

Je, mama anayekosa randevu amejihukumu kufa? Hapana. Hapa kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha.

Mwaka 2010 jarida la kiganga The Lancet lilichapisha utafiti wa inchi kadhaa juu ya kipimo cha damu cha CA-125, kile ambacho familia nyingi huuza mbuzi ili kukilipia. Wanawake 529 ambao kipimo chao kilikuwa kimepanda waligawanywa: wamoja walianzishiwa dawa upesi, wengine walingoja mpaka dalili zionekane. Wa kwanza walianza dawa karibu miezi mitano mapema. Hawakuishi zaidi. Tena hali yao ya maisha iliharibika mapema, kwa sababu ya dawa zenyewe.

Kwa Kiwanja, maana yake ni kubwa. Sehemu nzuri ya ufuatiliaji inawezekana karibu na nyumbani: maswali, mizani, mikono ya munganga juu ya tumbo, kipimo cha sehemu za uzazi, ekografi inapopatikana. Infirmiye wa kituo cha afya aliyeelezwa vizuri anaweza kutambua dalili: tumbo kuvimba, kushiba haraka, maumivu ya kiuno, choo kufunga, kukojoa kila mara, kukonda. Zikidumu wiki mbili au tatu, mama asingoje tarehe iliyoandikwa. Na akiwa na nakala ya dosie yake (aina ya kansere, upasuaji uliofanyika, majina ya dawa), munganga yeyote atakayempokea hataanza na sifuri.

Kuna wasiohusika na habari hiyo njema. Wasichana na wanawake vijana hupata aina nyingine, inayotokana na chembe za mayai zenyewe. Hiyo inaweza kupona hata ikirudi, mradi ikamatwe upesi, na vipimo vyake vya damu, AFP na hCG, ni vya lazima. Aina nyingine, ya granulosa, inaweza kurudi kisha miaka zaidi ya kumi, wakati kila mtu amesahau. Na pale ambapo kuna mpasuaji mwenye ujuzi, baadhi ya wanawake ambao ugonjwa umerudi sehemu chache wanaweza kufaidika na upasuaji wa pili.

Kwa hao, sampuli inaweza kusafiri mahali pa mgonjwa. Seramu ya damu iliyowekwa kwenye baridi inafika Goma kwa siku moja, kama barabara ya Rutshuru iko wazi. Kinachokosekana ni mtu wa kuipokea, na wa kupiga simu kurudisha jibu.