Homa ya mtoto mwenye saratani haingoji zamu

Ilikuwa saa nne za usiku. Mama mmoja aliingia mapokezi ya hospitali, mgongoni kambeba mtoto wa kiume wa miaka sita. Mtoto alikuwa na homa, na kichwa chake hakikuwa na unywele hata mmoja kwa sababu ya dawa za saratani ya damu. Mimi nilikuwa kwenye benchi nikimngoja ndugu yangu. Jibu la kwanza nililosikia: "Mama, lipa fishi kwanza, kisha ungoje zamu yako." La pili: "Itakuwa malaria tu."

Tuseme ukweli, hapa Kongo sisi wote tungejibu hivyo. Homa kwetu ni malaria. Mzazi anampa mtoto parasetamol, anangoja kukuche, ndipo anaenda kupima. Mazoea haya yana sababu, kwani malaria inatumalizia watoto wengi. Lakini kwa mtoto anayetibiwa saratani, kungoja huko kunaweza kuwa hukumu ya kifo.

Waganga wanaeleza hivi. Dawa za saratani haziui ugonjwa peke yake. Zinapiga pia uboho wa mifupa, ambako damu inatengenezwa, na chembe nyeupe zinazoitwa neutrofili, walinzi wa mwili, zinashuka. Mara nyingi zinafika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa. Zikiwa chini ya 500 katika mikrolita moja ya damu, hata bakteria wanaoishi ndani ya utumbo wa mtoto mwenyewe wanaweza kuingia katika damu. Na kwa kuwa walinzi hawapo, huenda usione usaha wala uvimbe. Homa inaweza kuwa dalili pekee.

Ndiyo maana kipimo cha 38.3 mara moja, au 38 kwa muda wa saa nzima, ni dharura. Mtoto anatakiwa kupewa antibiotiki kupitia mshipa ndani ya dakika 60 tangu afike, bila kungoja majibu ya maabara. Malaria ipimwe pia, lakini hata ikionekana, haimaanishi kwamba bakteria hawapo.

Tatizo letu la mashariki ni kubwa zaidi. Familia zinazoweza zinapeleka watoto Kampala, Butaro nchini Rwanda, Lubumbashi au Kinshasa. Mtoto anapewa dawa, anarudi nyumbani, na homa inamkuta Goma, Bukavu au Uvira, mbali na muganga anayemjua. Anayempokea usiku huo ni muuguzi ambaye huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa aina hiyo.

Wako watakaosema hospitali zetu hazina pesa, na kwamba antibiotiki zinatumiwa ovyo tayari. Hoja zote mbili ni za kweli. Lakini sidai dawa kwa kila homa. Nadai dozi ya kwanza kwa mtoto anayejulikana, mwenye karatasi inayoeleza ugonjwa wake, tarehe ya dawa ya mwisho na namba ya simu ya muganga wake. Fishi ilipwe baadaye. Tangu Septemba 2023 serikali ilianza, kule Kinshasa, kugharamia uzazi kwa akina mama. Watoto hawa ni wachache kuliko wazazi hao. Dozi yao ya kwanza haiwezi kuifilisi nchi.

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani wanapona, na katika nchi maskini hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 liliweka lengo la asilimia 60 ifikapo 2030. Hatutafika huko ikiwa mtoto anavumilia sumu ya dawa miezi mizima, kisha anakufa kwa homa ya usiku mmoja.

Kwako mzazi: nunua kipimajoto. Usishushe homa kwa parasetamol kabla ya kupima na kumpigia muganga. Ukifika mapokezi, sema kwa sauti: "Mtoto huyu anatibiwa saratani."

Yule mtoto aliwekewa dawa karibu saa saba za usiku. Safari ile alipona. Saa tatu zile alizongoja hazikuwa na sababu yoyote.